Kusomea Ng'ombe Niliowatibu Miaka Ishirini

Wiki tatu zilizopita nilikabidhi sanduku la sindano, vipimajoto viwili na koleo la kuhasia, nikatia sahihi kwamba vyote ni vizima, jambo ambalo kwa kipimajoto kimoja halikuwa kweli kabisa. Sasa mimi ni mstaafu. Ninyi vijana wa mifugo mliokuja kuniaga mliniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba sitagusa habari za vyeo wala mshahara. Vyeo nilipata vichache, na mshahara mnaujua, kwa kuwa ndio huohuo mnaoulalamikia ninyi.

Nilianza Lusahunga, kwenye josho. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, nimemaliza kidato cha nne kwa alama za kuokoteza, nikapata mafunzo ya miezi mitatu na kupewa buti zilizonizidi namba mbili. Aliyenipokea alikuwa Mzee Baranyikwa, mtu mfupi, mkimya, aliyevaa koti la mvua hata kiangazi. Siku ya kwanza aliniweka mlangoni mwa josho nihesabu ng'ombe wanaoruka ndani. Nikahesabu hadi kumi na nne. Wa kumi na tano akagoma. Nikaenda nyuma yake nikamsukuma, yeye akageuka, na aliyeruka nikawa mimi.

Josho lina dawa ya kuua kupe. Nilitolewa nikitapika, macho yanawaka moto. Mzee Baranyikwa alinimwagia ndoo tatu za maji safi, akanifunua kope moja moja kuangalia, akaridhika kwamba sifi, ndipo akasema, "Haya. Wiki mbili hizi kupe hawatakusumbua. Umefika ng'ombe wa ngapi?"

Huyo ndiye alikuwa chuo changu cha kwanza. Alinifundisha kufunga kipimajoto uzi na kuubana kwenye manyoya ya mkia, maana ng'ombe akikimeza kwa nyuma hakirudi. Alinifundisha kusimama karibu kabisa na mguu wa nyuma, kwa sababu teke la karibu ni msukumo tu, la mbali ni hospitali. Na alinifundisha kwamba mwenye ng'ombe akiapa hajampa mnyama wake dawa yoyote, usimuulize kama amempa, muulize amempa lini.

Baadaye nikahamishiwa Kasulo, upande wa Ngara, kwetu. Huko watu waliniita bwana mifugo. Mwanzoni niliwasahihisha kwamba mimi ni mwanamke. Wakasema wanaona, ila cheo chenyewe ndivyo kinavyoitwa. Hata mume wangu akitaka kunichokoza alinipigia hodi mlangoni akisema, "Bwana mifugo yupo?" Nikaacha kubishana. Nilitibu, nilihasi, nilizalisha, nilichanja, na kwa miaka ishirini hakuna aliyeniuliza cheti.

Kisha barua ikaja. Ilisema kwa lugha ya heshima kwamba mtumishi yeyote wa mifugo asiye na cheti cha chuo cha miaka miwili atafute chuo au atafute kazi nyingine. Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Niliisoma mara tatu, nikampa mume wangu. Naye akaisoma polepole, akaniuliza, "Na mimi nitapikiwa na nani?" Nikamwonyesha jiko lilipo.

Chuo kilikuwa Biharamulo, ndani ya majengo yaliyoachwa na watu waliojenga barabara. Jina lake sitalitaja, maana kwa karani wake wa usajili sikutoka vizuri. Alikuwa binti mpole mwenye kucha ndefu. Alipokea fomu yangu, akaipitia, akairudisha.

"Mama, hapa hapajajazwa. Sahihi ya mzazi."

"Mzazi ndiyo mimi."

"Mzazi wa mwanafunzi, mama."

"Mwanafunzi ndiyo mimi."

Akanitazama kwa muda, akaitazama fomu, na fomu ndiyo iliyoshinda. "Basi mzazi wako asaini."

Nikapanda gari kurudi Ngara, kwa mama yangu, aliyekuwa anakaribia miaka themanini. Nilimkuta uani anapepeta maharage. Nikamweleza kwamba natakiwa kuingia chuo na wanataka dole gumba lake.

"Umefanya nini?" akauliza.

"Sijafanya kitu, mama. Naanza masomo."

"Wewe nilikwisha kukusomesha. Umerudishwa?"

Nilimweleza tena kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, polepole, hadi mwisho. Akapaka wino, akabonyeza, akajifutia kwenye kitenge changu, kisha akaninyooshea dole hilohilo. "Huko kuna wanaume. Ukirudi na mimba, usinijie hapa." Nilikuwa nina wajukuu wawili. Nikasema, "Sawa, mama."

Siku ya kwanza darasani nilivaa gauni langu la kitenge la kanisani, nikabeba mkoba. Nilipoingia, vijana wote arobaini wakasimama kwa pamoja. "Shikamoo, mwalimu."

Hapa naomba mnielewe. Nilikuwa nimekuja na nia njema kabisa. Lakini watu arobaini wakikuamkia kwa adabu hivyo, utajibuje? "Marahaba," nikasema. "Kaeni." Wakakaa. Kiongozi wa darasa akaniletea daftari la mahudhurio na kalamu. Nikaona ni utovu wa adabu kumkatalia. Nikaita majina. Kijana mmoja nikamwambia avue kofia, akavua. Mwingine nikamuuliza kwa nini anaitika kama amelala, akaitika upya. Nikafika kwenye jina Perpetua Bitariho. Nikaliita mara mbili. Kimya. Nikasema, "Yupo," nikaweka alama, nikafunga daftari, nikaenda kukaa benchi la nyuma.

Hakuna aliyecheka. Waligeuka wote kunitazama. Ndipo nikaona kwamba mlangoni kuna kijana mwembamba mwenye chaki, amesimama hapo muda wote. Alikuwa mkufunzi wetu, Deogratias, mwenye miaka ishirini na minane. Baadaye alikiri kwamba alidhani mimi ni mkaguzi kutoka wizarani, akaona busara asubiri nimalize.

Jambo la kuamkiana lilitupa shida mimi na yeye kwa wiki nzima. Yeye ni mwalimu wangu, mimi ni rika la mama yake. Tukaishia hivi: nje ya darasa ananiambia shikamoo, ndani ya darasa nasimama akiingia. Mlangoni palepale, kila mtu alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

Bwenini walipanga vitanda kwa herufi za majina, na mimi nikapangiwa cha juu. Aliyepangiwa cha chini alikuwa Mwajuma, binti wa miaka kumi na tisa, mtoto wa fundi cherehani wa palepale Biharamulo. Alinikuta nimeshika ngazi nikiipima kwa macho. Akatupa godoro lake juu na kuvuta langu chini. Tukawa marafiki kuanzia hapo.

Mwajuma aliomba kusomea dawa za binadamu, akapangiwa mifugo. Yeye ng'ombe alimfahamu kwenye sahani tu. Akimwona wa miguu minne, mikono ilimtetemeka. Mimi kwa upande wangu nilikuwa natetemeka mbele ya Kiingereza, maana masomo yote na mitihani yote ilikuwa kwa lugha hiyo, na changu kilikuwa kimelala tangu kidato cha nne. Tukabadilishana hofu. Asubuhi kabla ya kipindi nilimpeleka zizini, nikamsimamisha karibu na mguu wa nyuma, nikamwambia amsemeshe ng'ombe. "Nimwambie nini?" "Mwambie chochote, akujue sauti." Akaanza kumhesabia ng'ombe vipengele vya kemia. Jioni baada ya chakula alinikalisha mezani na kunifundisha majina ya matumbo manne ya ng'ombe, ambayo nilikuwa nimeyafungua mara nyingi bila kuyaita chochote.

Mtihani wa kwanza nilifeli. Sijui kama ni haki niseme nilifeli au niseme tulikosana. Swali moja lilisema tueleze hatua za kumdhibiti fahali kabla ya kumtibu. Niliandika kwamba hatua ya kwanza ni kumwamkia mwenye fahali. Ya pili ni kumuuliza kama fahali huyo amewahi kuumiza mtu. Ya tatu, mwenyewe akichelewa kujibu, ni kurudi kwenye baiskeli. Nilipata sifuri.

Swali jingine lilihusu mnyoo wa ini. Nikaandika mnyoo wa mto. Kwa Kiingereza ini ni liver na mto ni river, tofauti ni herufi moja tu ya mwanzo, L kwa R, ambazo sisi watu wa Ngara hatujawahi kuzitenganisha. Nikaenda ofisini kwa mwalimu Deogratias kudai haki.

"Mwalimu, konokono anayembeba huyo mnyoo anaishi wapi?"

"Kwenye maji."

"Maji kama ya mto?"

Akanitazama. "Mama Perpetua, uliandika hivyo kwa makusudi?"

"Sasa hivi ndiyo nimekusudia."

Akanipa nusu alama. Nawaambia haya ili mjue kwamba mwaka ule wa kwanza niliuchukulia hivyo, kama mchezo wa kutafuta karatasi. Moyoni nilijua kazi naijua, na chuo kimekuja tu kuniandikia nilichokwisha kukijua. Hilo ndilo kosa langu, na nililibeba hadi mwaka wa pili.

Mwaka huo tulipelekwa mazoezi ya kazi. Mimi na Mwajuma tukapangiwa Kasulo, kwenye ofisi yangu mwenyewe. Nilikuta kiti changu kimekaliwa na mtu mwingine, nikapewa benchi la wageni. Mwalimu Deogratias akaja kutukagua, ana ubao wa kuandikia na darubini ndani ya kisanduku cha mbao.

Siku hiyo jirani yangu mmoja alituita. Ng'ombe wake jike alikuwa amekonda, manyoya yamesimama, hataki kula. Nilimpima joto, ni homa. Nikafunua kope, ndani peupe kama karatasi. Nikatazama kinyesi, kigumu. "Ndigana baridi," nikasema, ile inayoletwa na kupe, nikavuta dawa kwenye bomba la sindano. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi mno. Mikono ilikuwa inakwenda yenyewe.

"Mama," Mwajuma akasema nyuma yangu, "naomba tupime damu kwanza."

"Ya nini?"

"Wanachungia wapi?" akamuuliza mwenye ng'ombe. Mwenye ng'ombe akaonyesha kwa kidevu upande wa msitu. Mwajuma akanigeukia. "Kule kuna mbung'o, mama."

"Mwajuma, kazi hii nimeianza hujazaliwa."

"Najua, mama. Lakini tupime."

Nilimtazama mwalimu Deogratias anisaidie. Alikuwa anaandika kwenye ubao wake, hakuinua uso. Nikakubali, si kwa sababu nilimwamini yule binti, bali nilitaka apime asikute kitu, ajifunze. Akamkaribia ng'ombe, akasimama karibu kabisa na bega, akamsemesha, akamtoboa sikio, akachukua tone. Mikono haikutetemeka. Akaweka darubini juu ya kigoda cha mwenye nyumba, akageuza kile kioo cha chini kushika jua, akainama. Kisha akasogea pembeni.

Nikainama mimi. Mwanzo niliona kope zangu. Nikafumba jicho moja kama nilivyofundishwa. Nikaona chembe za damu, duara duara, nyingi. Halafu zikasukumwa. Kitu chembamba kilikuwa kinapita katikati yake, kinajinyonganyonga kama mnyoo kwenye matope, na kingine nyuma yake, na kingine. Vilikuwa hai. Nilitazama hadi jicho likatoa machozi.

Ilikuwa nagana, ile inayoletwa na mbung'o. Dawa yake ni ile ya unga wa njano. Ile niliyokuwa nimeivuta kwenye bomba isingemsaidia kitu. Ingetulia mwilini mwake na yeye angeendelea kukonda, na baada ya wiki mbili angekufa. Na mimi ningesema lile ambalo nililisema kila ng'ombe alipokufa baada ya sindano yangu. Nilikuwa na sentensi moja tu kwa wote: "Mlichelewa kuniita."

Tulimtibu yule jike kwa dawa ya njano. Wiki iliyofuata alikuwa anakula. Mwalimu Deogratias hakunisema. Alinionyesha tu alichoandika kwenye ubao wake. Kwa Mwajuma aliandika kwamba amefanya vizuri. Kwangu aliandika kwamba nimekubali kupima. Alama zetu zilikuwa sawa. Nikamwambia amenipendelea. Akasema, "Hapana, mama. Yeye ilimbidi ajifunze ng'ombe. Wewe ilikubidi ujifunze kwamba hujui. Hilo la pili lina alama nyingi."

Katika mtihani wa mwisho wa vitendo alikuja mtahini kutoka nje, mzee mwenye miwani minene. Akanionyesha ng'ombe aliyekonda akaniuliza anaumwa nini. Nikasema sijui, nipewe darubini. Akasema mtu wa umri wangu angeweza kukisia. Nikamwambia nimeshakisia miaka ishirini, inatosha. Nikapasi. Mwajuma alipasi kunishinda kwa mbali, na siku ya mahafali alinishika mkono nisianguke kwenye ngazi, watu wakidhani amekuja na bibi yake.

Nikarudi kazini Kasulo. Kiti changu nilirudishiwa, nikaomba na darubini, nayo ikawa haishuki kwenye baiskeli yangu. Lakini kuna nyumba moja nilikuwa naikwepa, hata kama njia ya mkato ilipita hapo. Ilikuwa ya Mzee Bigirimana, mkulima wa kahawa. Miaka tisa kabla, enzi zile kambi za wakimbizi za Lukole bado zina watu, alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mwekundu, jina lake Gaju. Gaju alikonda, akapauka kope, na alikuwa anachungwa upande uleule wa msitu. Nilimpiga sindano ya ndigana baridi siku tatu mfululizo. Siku ya tisa alikufa. Nikamwambia Mzee Bigirimana ile sentensi yangu.

Tangu siku ya darubini nilijua nitakwenda. Nilijiambia nimalize chuo kwanza. Kisha nikajiambia nipate cheti kwanza. Cheti kilipofika, sababu zikaisha. Nikaenda asubuhi moja, nikamkuta uani anachambua kahawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana mifugo. Umepotea. Vuta kiti."

Nikavuta. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakanipotea. "Mzee, nimekuja kwa habari ya Gaju."

"Gaju si alikufa?"

"Alikufa. Nadhani nilimpa dawa isiyo yake. Dalili zile zilikuwa za nagana, mimi nikamtibu ndigana, wala sikupima. Halafu nikakwambia umechelewa kuniita. Hukuchelewa."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo. "Rudia hilo la mwisho."

"Hukuchelewa, mzee."

Akageuza kichwa kuelekea jikoni. "Mama Sesilia! Njoo. Njoo usikie mwenyewe."

Mkewe akatoka, ana mwiko mkononi. Nikamwamkia. Mzee Bigirimana akaninyooshea mkono. "Mwambie na yeye."

Nikamwambia yote tangu mwanzo. Na hapo ndipo nilipopata kujua sentensi yangu ilifanya nini katika nyumba ile. Siku Gaju alipoanza kuugua, Mzee Bigirimana alikuwa kwenye pombe ya ndizi kwa ndugu zake, akalala huko siku mbili. Aliporudi ndipo akaniita. Nami niliposema amechelewa, mkewe alisikia. Kwa miaka tisa, kila walipogombana, liwe la shamba, liwe la mtoto, lilimalizikia hapo: wewe uliyemuua ng'ombe kwa pombe. Mzee hakuwa na jibu, kwa sababu mtaalamu alikuwa amesema.

Mama Sesilia alinisikiliza hadi mwisho. Akamtazama mumewe, aliyekuwa amekaa wima kama mtu aliyeshinda kesi.

"Kwa hiyo si pombe," akasema.

"Si pombe, mama. Ni mimi."

"La ng'ombe nimelisikia," akamwambia mumewe. "Mengine yote ya pombe yako palepale." Mzee akarudi kwenye kahawa yake, lakini niliona anatabasamu kwenye ungo.

Kisha mama akanigeukia mimi. "Umelijua lini hili?"

"Mwaka jana."

"Mbona hukuja?"

"Niliogopa."

Hakusema nimesamehewa, na sikutegemea aseme. Alisema tu, "Maziwa ya Gaju yalikuwa ya watoto watano. Mdogo ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa ziwa." Mimi nikatazama buti zangu. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikutafuta sentensi ya kujitetea.

Mama Sesilia akafuta mwiko kwenye kanga, akauweka juu ya dirisha.

"Kuna ndama zizini," akasema. "Tangu asubuhi hajanyonya. Leo hatujachelewa. Twende ukamwone."

Nikaichukua darubini kwenye baiskeli, nikamwomba kigoda, nikamfuata.